Kidonda Kilichokataa Kupona

Marlys Engebretson alikuwa na kidonda kisichopona, lakini hakikuwa mwilini mwake. Kilikuwa ndani ya kompyuta, katika maabara ya chuo mjini Duluth, mji wa baridi kando ya ziwa, na aliyekitengeneza ni yeye mwenyewe, polepole, tangu nywele zake zingali na rangi.

Kwenye skrini palikuwa na uwanja wa miraba midogo kama ubao wa drafti. Hiyo ndiyo ilikuwa ngozi. Marlys aliweka vijidudu juu yake, kisha akaziachia chembe nyeupe, zile zinazoulinda mwili. Chembe hazikuwa na mkubwa wa kuziamuru. Kila moja ilikuwa na kanuni chache tu: ukisikia harufu ya kijidudu, kifuate; ukikifikia, kimeze; ukishiba, kufa. Basi Marlys hukaa na kahawa yake, akazitazama zikihangaika kila moja kivyake, aone kama kwa pamoja zitakiponya kidonda. Zikifanya kama mwili wa kweli unavyofanya, dawa zitajaribiwa mle kwanza, kabla ya kumchoma mtu sindano.

Kidonda kilikataa. Chembe zilimiminika, vijidudu vikaliwa mpaka kikabaki kimoja, na hapo vita vikasimama. Chembe zilikizunguka kile kimoja, zikatulia, zikakitazama. Nacho kikazaa. Watoto wakaliwa, kikabaki kimoja tena, nazo zikatulia tena.

"Labda zinasali," alisema Lowell Skoglund, mwenzake wa meza ya pili.

"Acha mzaha, Lowell. Hali ni mbaya."

Hali ilikuwa mbaya kwa sababu mbili, na kidonda kilikuwa moja tu. Nyingine ni kwamba mkuu wa maabara, Dakta Haugland, alikuwa ametangaza kuwa fedha zimepungua na kati yao wawili atabaki mwandishi mmoja wa programu. Wa pili atahamia ofisi ya maegesho, akapange magari ya wanafunzi. "Mtachagua wenyewe," alisema, kisha akakimbilia ofisini kwake kama mtu aliyevunja sahani ya wenyewe.

Tangu siku hiyo maneno yakawa yale yale kila asubuhi, wakivua makoti.

"Baki wewe, Marlys. Ulinitangulia hapa."

"La, baki wewe. Una watoto."

"Watoto wana watoto wao."

"Basi una mgongo. Kule utapigwa baridi."

Marlys hakumwambia mtu ukweli. Alizipenda chembe zake. Aliitaka ile kazi kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Lakini kulisema hilo kwa mdomo? Afadhali atembee uchi juu ya ziwa lililoganda.

Siku moja walikuwa kwenye chumba cha chakula. Mezani palikuwa na sinia la keki ya limau aliyooka mke wa Haugland, na juu yake kipande cha mwisho. Mtu alikuwa amekikata nusu, akamwachia mwingine nusu. Aliyefuata akaikata nusu ile nusu, naye aliyefuata vivyo hivyo, na sasa kimebaki kitu cha ukubwa wa ukucha, kimefunikwa vizuri, kisu kando yake. Akaingia Rosalba Ingrassia, daktari wa damu aliyehamia kutoka Brooklyn, jijini kwenye haraka. Akafunua, akakitupia mdomoni.

Kikombe cha Haugland kilisimama hewani.

"Nini? Kilikuwa na mwenyewe?"

"Hapana, hapana, karibu sana," alisema Haugland, kwa uso wa mtu aliyefiwa.

"Nyie watu mna nini? Juzi nimekuta kipande kizima, jana nusu, leo punje! Mnamwachia nani, panya?"

"Tunaachiana," alisema Lowell kwa sauti ndogo.

Marlys aliweka uma chini. Akatoka bila kuosha sahani yake, jambo ambalo halijapata kutokea, akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta.

Kanuni aliikuta mahali pake. Chembe mbili haziwezi kukaa mraba mmoja, kwa hiyo zamani aliandika: mwenzako akiutaka mraba unaoutaka, mpishe. Vijidudu vikiwa vingi, kila chembe inapata chake. Kikibaki kimoja, zote zinautaka mraba ule ule, basi kila moja inazipisha nyingine. Alikuwa ameipita kanuni hiyo mara nyingi bila kuiona. Hakujua kuwa ni kanuni. Alidhani ndivyo viumbe wanavyotembea.

Akamwita Rosalba. "Kwenye damu ya kweli inakuwaje?"

"Zinakanyagana, mama! Zinarukiana. Wewe umezipanga foleni ya kanisani."

"Foleni ya kanisani ina ubaya gani?"

"Mgonjwa wako amekufa, Marlys."

Marlys akaifuta. Mahali pake akaandika: wa kwanza kufika achukue. Juu ya mstari huo akaongeza neno moja ambalo kompyuta hailisomi: samahani.

Kikabaki kijidudu kimoja. Chembe moja ikajitokeza, ikakimeza. Marlys alijishika shavu, akaionea aibu kama ni mwanawe. Zile nyingine zikasimama kidogo, kisha zikatawanyika. Hakuna iliyonuna. Ngozi ikaanza kufunga, mraba kwa mraba.

"Si mbaya," alisema Lowell nyuma yake, na Duluth hapana sifa kubwa kuliko hiyo. "Sasa kweli baki wewe."

Maneno *La, baki wewe* yalikuwa tayari ulimini. Marlys akaitazama skrini.

"Naitaka," alisema.

"Unasemaje?"

"Hii kazi. Naitaka. Nabaki mimi." Masikio yalimwaka moto.

Lowell alijiangusha kitini. "Mungu ashukuriwe! Wiki zote hizi naogopa utafanikiwa kuniachia. Kule maegesho wana redio, Marlys. Saa tisa mtu ametoka, anaenda kuvua samaki barafuni."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, na wewe ulikuwa unaniachia?"

Wakaenda kumwarifu Haugland. Mlangoni wakasimama.

"Tangulia, Marlys."

"Hapana, tangulia wewe."

"Wewe ndiye mwenye habari."

"Wewe ndiye unayehama."

Rosalba, aliyekuwa akipita na chai yake, aliwasukuma wote wawili ndani kwa kiwiko.