Faili ya Talaka Isiyo Yangu

Mwaka wa 2022, mwezi wa Machi, mashamba ya Subukia yalikuwa yamelimwa yakingoja mvua ya masika, ambayo mwaka huo ilichelewa. Nilikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja, na ujane wangu ulikuwa wa mwaka mmoja na miezi saba. Jumanne, tarehe 15, nilisimama mbele ya hakimu mjini Nakuru katika kesi ya mirathi ya marehemu mume wangu, nikaelezwa kwa sauti ya upole kwamba huenda sikuwahi kuwa mke wake.

Neno hilo lililetwa na shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Katika hati yake ya kiapo alisema kwamba kaka yake alifunga ndoa kanisani mwaka wa 1978 na mwanamke mwingine. Kwamba mwanamke huyo yu hai na anaishi Naivasha, nyuma ya soko. Na kwamba ndoa ile haikuvunjwa na mahakama yoyote. Kwa hiyo harusi yangu ya tarehe 5 Desemba 1987 ilikuwa batili, na ekari nne za Subukia, pamoja na nyumba niliyolelea watoto watatu, zilipaswa kurudi kwa ukoo.

"Mama," hakimu aliniambia, "kama talaka ilikuwepo, leta amri yenyewe. Maneno ya marehemu siwezi kuyapima."

Alinipa siku tisini.

Maneno ya marehemu nilikuwa nayo tele. Kabla ya kuniposa aliniambia, na baadaye aliwaambia wageni wengi mezani petu: "Yule nilimpeleka kortini mwaka wa themanini na tano. Nilimshtaki, nikamshinda." Karatasi yenyewe sikuwahi kuiona. Hata ningeonyeshwa siku hizo nisingeweza kuisoma, kwa kuwa niliingia darasa la watu wazima nikiwa na miaka thelathini na tisa, na mtihani wa darasa la nane niliufanya mwaka wa 2008, nikiwa mwanafunzi wa pekee katika chumba kile aliyekuwa na meno ya bandia. Sasa nilipekua sanduku la marehemu karatasi moja baada ya nyingine. Nilikuta risiti za maziwa, leseni zake za udereva na kadi ya kliniki ya ng'ombe. Talaka haikuwemo.

Katika miaka ya ndoa ile ya kwanza alikuwa dereva wa trekta katika shamba la ngano upande wa Mau Narok. Mahakama iliyokuwa karibu naye ilikuwa ile ya mji mdogo wa juu milimani, na huko ndiko nilikopanda Jumatatu, tarehe 21 Machi, nimevaa sweta mbili.

Masjala ilikuwa chumba kirefu nyuma ya ukumbi wa kesi. Nilitarajia vumbi na panya. Nilikuta rafu za mbao zilizopanguswa, mafaili yamefungwa kwa kamba za katani mwaka kwa mwaka, na karani mwenye koti la kijivu akipaka uji mzito wa unga kwenye mgongo wa rejista iliyoachana. Alikuwa mtu wa karibu kustaafu. Kabla ya kuugusa ukurasa wowote alinawa mikono katika karai, akaikausha kidole kwa kidole.

"Tunatafuta nini, mama?"

"Talaka ya mwaka wa 1985."

"Yako?"

"Ya mume wangu."

Alinitazama juu ya miwani. "Hapo umenichanganya kidogo."

"Aliachana na mwingine, ndipo akanioa mimi."

"Ah, sawa. Huo ni mpango mzuri. Wengi wanaokuja hapa walianza na kuoa."

Sikucheka siku hiyo, ingawa baadaye nililicheka neno hilo peke yangu jikoni. Alichukua kitabu kipana alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe katika miaka yake ya kazi, faharasa ya kesi zote za zamani, ambayo hakuna aliyemwamuru aiandike. Tulilitafuta jina la marehemu katika 1985, mstari kwa mstari, yeye kwa kidole na mimi kwa macho. Halikuwemo. Aliniambia nirudi baada ya wiki mbili, ili apate nafasi ya kuangalia mwaka wa mbele na wa nyuma.

Niliporudi, Alhamisi, tarehe 7 Aprili, alikuwa ameiangalia yote miwili na kuniandikia matokeo kwenye kipande cha karatasi: 1984, hakuna, 1986, hakuna. Alinivutia kiti.

"Mathe, nikuulize bila kukuudhi. Nani alimshtaki mwenzake?"

"Mume wangu ndiye aliyeshtaki."

"Uliona karatasi?"

"Aliniambia."

"Wanaume wameniambia mengi katika mlango huu." Akafunga faharasa taratibu. "Sikiliza. Kitabu hiki kinafuata jina la aliyefungua kesi, na mwaka alioifungua, si mwaka wa amri. Watu wetu wote wakija hapa, awe mjane, awe mtoto, hata mchungaji, wananipa jina la mwanamume. Hakuna anayefikiri kwamba mwanamke wa siku hizo aliweza kupanda ngazi hizo akafungua kesi. Na walipanda. Tena walijiandika kwa jina la baba, si la bwana. Niletee jina lake la kwao, na mwaka. Usiponiletea, tutazeeka hapa, na mimi nimeshatangulia."

Nilishuka kutoka huko nikiwa na hasira, na hasira hiyo haikuwa ya karani. Kwenda kwa mwanamke yule, nimwombe anithibitishie kwamba mimi ni mke! Kwa miaka thelathini na mitano nilikuwa nikimdharau kwa wepesi, kama mtu anavyomdharau aliyeshindwa mchezo ambao yeye mwenyewe hakuuona ukichezwa. Wiki tatu zilipita. Siku tisini zilikuwa zimebaki arobaini na tano nilipokubali kwamba kiburi changu hakiwezi kuwasilishwa mahakamani kama ushahidi. Mahali anapoishi nilipajua kutoka kwa hati ya kiapo ya shemeji. Jumamosi, tarehe 30 Aprili, nilikwenda Naivasha.

Alikuwa katika ploti yake nyuma ya soko, ameinama akihamisha miche ya sukuma wiki. Mwanamke mrefu, wa miaka sitini na mitano, mikono yake ina makovu madogomadogo ya miiba ya waridi, kwa maana alifanya kazi katika mashamba ya maua hadi alipostaafu. Alinyoosha mgongo, akanitazama kuanzia kitambaa hadi viatu.

"Wewe ni yule wa Subukia."

"Ndimi."

"Karibu. Nilijua utakuja. Shemeji yako alikutangulia, na sukari kilo mbili."

Alinipa kigoda, naye akakaa juu ya debe lililopinduliwa.

"Alitaka nini?"

"Saini. Niseme sikuachika kamwe, na kwamba mimi ndiye mke. Nikisema hivyo, ekari moja yangu, tatu zake."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia sukari ibaki, yeye aende."

Nilicheka kabla sijajizuia, naye akacheka. Nikamweleza yote: hakimu, siku tisini, karani na kitabu chake. Nilipofikia maneno ya marehemu, yale ya kushtaki na kushinda, alipiga paja kwa kiganja.

"Akanishinda! Huyo mzee, Mungu amrehemu. Alifika kortini mara moja tu, akaambiwa avue kofia. Mimi ndiye niliyemshtaki, dada. Nilikuwa na miaka ishirini na sita."

Akanisimulia. Aliporudi kwao, baba yake alimkatalia kwenda mahakamani kabla ya mbuzi za mahari kurudishwa. "Aliniambia, 'Mbuzi za watu zikiwa katika zizi langu, wewe bado ni wao. Korti itavunja karatasi, lakini mbuzi zitakuita.'" Ndugu zake walizikusanya na kuzirudisha kwa miguu. Ukoo wa marehemu ulizipokea, ukadai kwamba kuna moja imepungua, na ikawa miezi mitatu ya kutafuta ya kujalizia. Ilipopokewa tu, alijitia shuka mabegani alfajiri, akatembea kutoka kwao hadi mji ule wa milimani, akajiandikisha kwa jina la baba yake.

"Mwaka gani?"

"Miaka siishiki. Najua amri ya kwanza, ile ya muda, ilitoka tukila mahindi ya manjano, na kesi ilikuwa imekaa huko mwaka mzima."

Mahindi ya manjano ya msaada yaliletwa katika ukame wa mwaka wa 1984. Nikatoa mmoja. Nikaandika 1983.

"Na karatasi yenyewe?"

"Niliipeleka kanisani ili niruhusiwe tena kwenye meza ya Bwana. Waliniruhusu, lakini karatasi hawakuirudisha. Mchungaji mwenyewe alikufa zamani." Aliandika jina lake lote la ujana katika daftari langu, kwa mwandiko ulioinamia kulia.

Nilimuuliza, kwa kuwa sikuweza kuondoka bila kumuuliza, kwa nini aliikataa ekari. Hana shamba, ploti ile ni ya kukodi. Alipangusa udongo viganjani.

"Nilitoka katika boma lile kwa miguu yangu. Nikirudi leo kwa mdomo, kwa sababu ya ekari moja, basi nilikuwa nikitafuta nini?"

Jumatano, tarehe 4 Mei, karani alinawa mikono, akafungua faharasa, na kidole chake kikasimama kabla ya nusu ya ukurasa. Alipanda ngazi, akashusha furushi la 1983, akafungua kamba. Faili ilikuwa nyembamba, karatasi zake zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Ilifunguliwa Jumatatu, tarehe 19 Septemba 1983. Amri kamili ya talaka ilitolewa Ijumaa, tarehe 8 Februari 1985. Marehemu hakudanganya kuhusu mwaka. Aliitaja tarehe ya kufungwa kwa mlango, akasahau ni nani aliyeufunga. Jina lake lilikuwa mahali pa mshtakiwa.

Karani aliniacha nisome bila kuniharakisha. Mambo ambayo mwanamke yule alimlalamikia mumewe sitayarudia hapa, maana mlalamikiwa hayuko kuyajibu. Nitasema tu kwamba mtu yule sikumjua. Mimi niliishi na mume mtulivu, asiyeinua mkono, aliyekuwa akibisha mlango wa chumba chake mwenyewe kabla ya kuingia. Nilikuwa nikidhani utulivu ule ni wema wangu uliomtengeneza. Nikiwa nimekaa pale masjala nilianza kuamini kwamba yuko mwingine aliyetangulia kumfunza, na kwamba somo lenyewe lilikuwa katika kurasa hizi kumi na moja. Chini ya ombi, mwanamke yule aliweka saini, si kidole gumba. Mwaka ule wa 1983 mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilikuwa nikipokea malipo ya maziwa kwa kuchovya kidole katika wino.

"Umepata ulichotaka?" karani akauliza.

"Na zaidi."

Alitengeneza nakala mbili, akazilinganisha na faili neno kwa neno kwa sauti, mimi nikimfuatilia, akazipeleka kwa mkuu wake zikatiwa saini na muhuri. Kisha akairudisha faili katika furushi lake, akafunga kamba kwa fundo lilelile alilolikuta.

Tarehe 13 Juni, siku ya tisini, niliziwasilisha Nakuru. Shemeji alizishika, akazigeuza juu chini, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hata wewe ulimwendea yule?"

"Nilimwendea. Anasema sukari ilikuwa nzuri."

Uamuzi uliwekwa Jumanne, tarehe 28 Juni 2022. Nilifika saa mbili kasorobo nikamkuta mwanamke wa Naivasha ameshakaa kwenye benchi la ukutani, mkoba mapajani. Sikuwa nimemwita. Nilikaa kando yake.

Hakimu alisoma kwa dakika chache tu. Ndoa ya mwaka wa 1978 ilivunjwa na mahakama yenye mamlaka. Ndoa ya tarehe 5 Desemba 1987 ni halali. Pingamizi limetupiliwa mbali. Mjane wa marehemu atasimamia mali pamoja na watoto wake. Akauliza, kama ilivyo desturi yake, kama yuko yeyote mwenye neno kabla hajatia saini.

Kando yangu benchi lililia.

"Mheshimiwa, mimi ndiye mwenye ile talaka," mwanamke wa Naivasha alisema, amesimama wima. "Sidai kitu. Nilitaka tu kusikia ikisomwa mbele za watu. Mara ya kwanza waliisoma nikiwa peke yangu."

Hakimu aliiweka kalamu chini. Kisha akaichukua tena nakala, akarudi kwenye amri ya tarehe 8 Februari 1985, akaisoma yote tangu mwanzo, jina la mshtaki kwanza, polepole, ukumbi mzima ukisikiliza. Alipomaliza alitia saini, na shauri likafungwa.