Mji wa Bibi wa Kiingereza

Juzi kwenye basi la Hyattsville, huku Amerika, nilikaa nyuma ya akina mama wawili wenye viatu vyeupe vya kazi ya kutunza wazee. Mmoja, aliyejifunga mtandio, alikuwa akichora kwa kidole kwenye ukungu wa dirisha.

"Mto unauzunguka mji hivi, pande tatu. Hapa pana daraja la mawe, lina matao matano. Ukivuka unakuta soko, lakini ni Alhamisi tu. Ukuta wa kanisa bado una matundu ya risasi za vita vya zamani."

"Uliishi Uingereza miaka mingapi, dada?" akauliza mwenzake, kwa lafudhi ya Kenya.

"Sijafika hata siku moja. Ni kwao yule bibi niliyekuwa namlisha uji. Kila asubuhi alikuwa ananitembeza mjini kwao kwa maneno. Amezikwa Jumanne. Wanawe wamezaliwa hapa, hawaujui."

"Na wewe, ulimsimulia habari za kwenu?"

Akafuta dirisha kwa kiganja. "Hakuniuliza."

Mwenzake akamshika bega, akashuka. Kituo chake kilikuwa kimefika.

Kwetu pwani hukai na mtu dakika tano bila kumuuliza kwao wapi na yeye ni wa nani. Nami niliisikia pwani katika kila neno la yule mwenye mtandio. Lakini Amerika imenifunza adabu, kwa hiyo nilijifunika gazeti mpaka mwisho wa safari.

Basi, msomaji, ukitaka kwenda mji ule wa Uingereza, nitakuelekeza mpaka mlango wa kanisa. Kwao yule mama ni wapi, sijui.