Siku Mama Lado Aliporuka Uzio

Hadi leo nikinusa masizi yaliyolowa mvua, shavu langu la kushoto huniwasha, nami hucheka peke yangu kama mwehu.

Tuliishi Munuki, Juba, miaka ile ya baada ya mkataba wa amani, watu wakirejea kutoka kila upande. Mama, Mganda mwenye mdomo mkali, aliuza posho, ugali wa kwao, na maharage kibandani, kwenye jiko la udongo lenye dohani ya mabati. Kuni za masika zilikuwa mbichi, na masizi yakaganda ndani ya dohani mazito kama lami. Nyuma ya uzio wetu mfupi ilikuwa nyumba ya nyasi ya Mama Lado, aliyerudi kutoka Kenya. Kila asubuhi walitukanana.

"Zima huo moto usugue hiyo bomba, Mama Akello! Utatuchoma!"

"Mimi nazima, wateja nakula nini? Wewe nalisha watoto yangu?"

Mchana mmoja dohani ikaanza kunguruma. Bati likawa jekundu, cheche zikamwagika huko juu. Mama akanyanyua beseni la maji ayatupe jikoni, nami nimeganda mbele ya mdomo wa jiko. Mara Mama Lado akaruka uzio, akalipiga teke beseni, akamzaba mama kofi hadi chini. Nikamrukia nikamng'ata paja. Nikapata langu, la kushoto. Akaziba jiko kwa kipande cha bati, akarundika mchanga kwa mikono mitupu. Mama aliinuka na mwiko akamtandika mgongoni hadi damu ikatokeza kwenye blauzi. Mwenzake hakugeuka. Wateja walikumbatia sahani zao na kushangilia, wakidhani wanagombea mwanamume.

Moto wetu ulikosa hewa, ukafa. Ndipo tulipoiona nyumba ya Mama Lado ikiwaka yote. Ndani hamkuwa na mtu. Alikaa kwenye tope akaitazama mpaka ikaanguka, na mimi, kwa akili ya kitoto, nikaona amelipwa kofi lake.

Leo najua maji yale yangelipuka mvuke na kunibabua uso. Lakini kilichoniliza ni jibu la mama, siku nilipomwuliza, nikiwa mtu mzima, moto ule ulifikaje kwa jirani.

"Paa yake ilikuwa nawaka tayari," alisema. "Alikuwa na ndoo mkononi, iko nakwenda kuzima. Akaona wewe, akaangusha ndoo."