Shati la Baba la Kwendea Muyinga

Juzi, sokoni Muyinga, nilimwona mwanamume akigeuza kola ya shati la mtumba na kuikagua polepole, nikamkumbuka baba.

Nilipokuwa mtoto, alasiri moja alinipeleka soko la Gitega. Marobota ya mitumba yalikuwa yamefunguliwa, na harufu ya nguo zilizofungiwa kwa muda mrefu ilinikwaruza koo. Kambini Tanzania baba alikuwa mwalimu. Tuliporudi Burundi akawa kibarua wa kulima. Sasa shule moja ya Muyinga ilikuwa imemwita kwa mahojiano. Alivuta mishono, akajaribu vifungo, akainua kila shati juani atazame kwapa.

"Papa, hii iko muzuri, kola iko bado nguvu," alisema muuzaji, mama wa Kikongo, baba alipomweleza kuhusu mahojiano. "Ukivaa hii, direkteri wa shule hatakukatala."

Nilimwamini. Nilidhani kazi hupewa shati, si mtu. Baba alitoa pesa yote aliyokuwa nayo, akabakiza nauli ya Muyinga tu, tukarudi nyumbani Nyamugari kwa miguu, nami nimelikumbatia shati kifuani.

Kesho yake jioni alirudi kutoka Muyinga. "Vyeti vya kambini hawavitambui," alimwambia mama.

Sikujua vyeti ni nini. Nikasema, "Baba, tungechagua lingine."

Alivua shati akalitundika. "Labda, mwanangu."

Leo najua hakuna shati ambalo lingetosha. Asubuhi iliyofuata baba alilivaa shati hilohilo la mahojiano, akaikunja mikono ya shati vizuri, akachukua jembe akaenda kulima shamba la watu.