Marehemu Alikuwa Anaitika kwa Kinywa Yangu

Miaka mingi nilikuwa naitika jina ya maiti. Kule Katana, mu koperative yetu ya kahawa, kadi ilikuwa ya bwana yangu. Alipokufa, shamba nililima mimi, kahawa nilivuna mimi, lakini kadi ilibaki yake. Siku ya mukutano wanaita jina yake, mimi nainua mukono: "Prezan!" Wanaume wanacheka.

"Maman, muzee iko namna gani huko kaburini?"

"Iko analala, sawa vile ninyi munalala hapa."

Sisi wanawake ndio tulikuwa tunachuma, tunaosha, tunaanika. Komite sasa: watu saba, suruali saba.

Basi mwaka moja tukamuchagua mu komite mujukuu yangu wa kike, mwenye alisomea kilimo Bukavu. Kikwembe, nguo ya wanamuke, ya kwanza kukaa pale mbele kati ya suruali! Roho yangu iliruka sawa samaki ya sambaza mu wavu.

Mukutano yake ya kwanza, prezida wa komite hakumupa nafasi ya kusema. Alimusukumia kibuyu ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi. "Mama, utumiminie kwanza." Nikajua: huyu akimimina leo na kunyamaza, atamimina mupaka azeeke.

Mutoto akasimama. Akajaza kikombe, akakunywa yeye mwenyewe. Polepole, mupaka chini. Prezida macho yakamutoka.

"Papa prezida, kwetu anayegawa pombe anaonja wa kwanza, wageni waone haina sumu. Ni uongo?"

"Si uongo," muzee mumoja akajibu huku nyuma.

"Basi nimeonja. Na maneno ya leo naanza nayo mimi. Mu mashamba wanalima wajane. Tuwape kadi kwa majina yao, wafu tuwaache wapumuzike."

Weee! Vigelegele! Nilicheza mupaka nikasahau kama niko na kiuno ya kuuma. Prezida akashindwa kujizuia, akacheka, akanyoosha kikombe yake. "Haya, umimine, maman. Wenye wanakubali, mikono juu." Mikono ikapanda, hata ya wale wenye walikuwa wanasinzia.

Mukutano uliofuata, wanaita majina ya kadi mupya. Jina moja, kimya. Wanaita tena, kimya. Nikamuuliza jirani yangu, "Ni nani huyu mubishi hataki kuitika?"

Akanipiga kiwiko. "Ni wewe!"

Nikasimama, nikapiga "Prezan!" moja ya nguvu, prezida akaangusha kalamu.