Salamu za Mama Mapokezi

Jina la Mama Mapokezi hakulipata kwa bahati. Miaka chungu nzima alikaa nyuma ya dirisha la mapokezi ya hospitali, akiwapokea wagonjwa kwa pole na karibu, hata wale waliofika na matusi mdomoni. Kisha hospitali ikaleta mashine ya kugawa namba. Mashine haikujua pole wala karibu. Iliandika "bonyeza hapa", basi. Mama akaambiwa kwamba akitaka kubaki kazini akasome kompyuta, atapewa nafasi kwenye kitengo cha mitambo. Akaingia chuo kikuu na mto wake wa kukalia, akiwa na hamu kubwa ya kumjua mtu aliyeinyima mashine ile adabu.

Akaanza na Utangulizi wa Sayansi ya Kompyuta, na mwaka wa kwanza akaanguka. Si kwamba hakuelewa, jamani. Zoezi lilitaka programu ipokee namba mbili na kutoa wastani, na yeye akaona ni utovu wa adabu kumdai mtu namba kabla hujamjulia hali. Programu yake ikakaribisha, ikauliza habari za nyumbani, ikasubiri jibu, ikamshukuru Mungu, ndipo ikaomba namba, tena kwa tafadhali. Kumbe kazi zote zilisahihishwa na mashine nyingine, nayo ilitaka jibu tu. Akapewa sifuri. Zoezi lililofuata akajirekebisha: akaondoa habari za nyumbani, akabakiza habari za kazi. Sifuri tena.

Sasa alikuwa anarudia, na kanuni ya chuo haikuwa na huruma: ukianguka somo mara mbili, unafungasha virago. Nyumbani kitinda mimba wake alimwambia bila kupepesa macho kwamba kompyuta haina mjomba wala shangazi, itajali nini? Mama alinuna mpaka chakula kikapoa. Lakini neno lilimwingia.

Aliyemwokoa ni mwalimu mwenyewe, kijana wa rika la kifungua mimba wake. Alifundisha kwamba mstari ukianza na alama ya reli, yaani #, kompyuta huuruka. Hayo ni maelezo kwa ajili ya binadamu atakayeisoma programu. Mama nusura apige kigelegele darasani. Kazi ya mwisho, ile iliyobeba karibu maksi zote, ilihusu foleni ya wagonjwa. Akaiandika kavu kama mashine inavyopenda, na baada ya kila alama ya reli akamwaga moyo wake.

Siku ya kukabidhi alitoka kwenda msalani, akaiacha kompyuta ya maabara wazi. Aliporudi alimkuta Miwani, kijana aliyevaa miwani ya jua hata ndani, amesogea karibu mno na kiti chake. Kijana hakumsalimia. Muhula mzima alikaa pembeni yake, na hakuwahi kumsalimia.

Wiki iliyofuata akaitwa ofisini kwa mwalimu. Alimkuta Miwani na vijana wengine saba wamepangwa ukutani. Mwalimu akaeleza kwamba mashine imekuta kazi tisa zinazofanana kila herufi, na mwenye kazi asipojulikana, wote wanapata sifuri. Miwani akaapa kwamba kazi ni yake, amekesha akiiandika, wengine ndio wezi. Mama alijaribu kujieleza, Miwani akaapa tena juu yake. Aliogopa kweli. Aliona ajira yake ya miaka yote inaondoka hivihivi, kwa sababu ya kwenda msalani.

Mwalimu akakiri kwamba kwa kawaida hasomi kazi za wanafunzi, huiachia mashine. Safari hii alikuwa amesoma. Akamgeuzia Miwani skrini.

"Nisomee kazi yako. Hapo penye alama ya reli."

Miwani akasafisha koo. "Mwalimu wangu, hujambo? Mimi mzima, ila mgongo."

"Endelea."

"Mgongo huu haujakaa sawa tangu nimzae kitinda mimba wangu."

Mwalimu, bila kutabasamu, akamuuliza mtoto anaendeleaje. Wale saba wakaanza kuichunguza sakafu, maana nao, kwa maandishi yao wenyewe, walikuwa wamemzaa mtoto yuleyule.

Wakapewa sifuri wote wanane. Mama akaambiwa amefaulu, tena kwa kuchechemea, kwa kuwa programu yake ilimsahau mgonjwa wa mwisho kwenye foleni, na wezi wake walimsahau vilevile. Hakujali. Alikaa bila kukaribishwa, akalia mbele ya watu, na machozi hayo yalikuwa matamu.

Vijana wakaanza kutoka. Miwani akabaki nyuma, miwani mkononi, akasema ni shida tu, somo lilimshinda na hakuwa na wa kumuuliza.

"Mwanangu," mama akasema, "umekaa pembeni yangu muhula mzima. Ungenisalimia tu, ningekufundisha."

Kijana akauliza sasa aanzie wapi. Mama akavuta kiti cha pili, akamwambia aanzie kwenye shikamoo.