Jina Nililolitaja Newala

Niliondoka Unguja kwa kutumwa, si kwa kupenda. Walimu wetu wa misheni walitaka vijana wachache wavuke kwenda nchi ya Mdachi, yaani Mjerumani, wakamalizie mafunzo ya ualimu kwa kufundisha watoto wa bara, nami nikawa mmojawapo. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, lakini habari zake zilikuwa bado mbichi, na nyumbani walinililia kana kwamba nimekwisha zikwa. Sikuzikwa. Nilifundisha, na siku za mapumziko nilitembea. Mmeniuliza mara nyingi nilikoenda na nilichokiona, basi haya ndiyo majibu yangu, na aliyechoka kusikia habari za njaa na minyororo aishie hapa.

Tulishuka Lindi, tukapanda kwa miguu pamoja na wapagazi mpaka Masasi. Mji wenyewe umekaa chini ya majabali makubwa, meusi, yasiyo na majani, na mtu wa visiwani huyatazama siku nzima asiyazoee. Kanisa lilikuwa kuta tupu. Mabweni yalichomwa wakati wa vita, kwa hiyo sisi wageni tuligawanywa katika nyumba za watu. Mimi niliangukia kwa Mama Salum, mjane wa Kiyao, Mwislamu, mkulima wa mtama na muhogo.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," aliniambia siku ya kwanza, akinipokea mzigo wangu. Nilidhani ni maneno ya kukaribisha tu, kama tunavyoyasema kwetu.

Baada ya siku chache nikajua maana yake. Salum, mwanawe wa pekee, alichukuliwa na askari vita vilipokuwa vinakwisha, yeye na vijana wengine, na tangu hapo hakuna aliyemwona. Kaka yake Mama Salum, ambaye kwa desturi ya Wayao ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, alikuwa amekwisha weka kapu la mtama darini kwa ajili ya matanga. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja jioni moja, akaketi, akasema kwa upole:

"Dada, mavuno yakiisha tumsomee khitma. Mkewe ni kijana. Akae eda, kisha awe huru. Tutamfunga mtoto wa watu mpaka lini?"

"Maiti haijaonekana," alijibu Mama Salum. "Matanga ya nani?"

Kaka mtu akiisha kuondoka, akanigeukia mimi. "Mwanangu, naona unapenda kutembea. Wafungwa wametawanywa kila penye kazi ya Mdachi. Sisi tukiwakaribia tunapigwa. Wewe una viatu na Kiswahili cha Unguja, askari watakustahi. Nitazamie nyuso."

Nilimwuliza alama. Akasema ni mrefu, mweusi, hana kovu. Nusu ya wanaume wa Masasi walikuwa hivyo. Hata hivyo nilikubali, maana kukubali kulikuwa rahisi kuliko kukataa.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kupanda jabali lililo nyuma ya mji. Usiku wa kuamkia Jumamosi Mama Salum alichota kiganja cha unga wa mtama, akapiga bismillahi, akaumimina polepole karibu na mlango mpaka ukawa kilima kidogo chenye ncha, akakifunika kwa chungu. Ndiyo desturi yao. Asubuhi chungu hufunuliwa: kilima kikiwa kimesimama, msafiri huenda, kikiwa kimeporomoka, hukaa. Kumbukeni kwamba mwaka ule watu walikuwa wakila mizizi ya porini, na kiganja cha unga kilikuwa chakula cha mtu. Asubuhi tulifunua. Kilikuwa kimeporomoka.

"Ni panya tu huyo," nilisema, na viatu nilikuwa nimekwisha vaa.

"Panya naye anaye anayemtuma," alijibu. "Vua viatu."

Nilinung'unika kutwa. Yeye aliendelea kupalilia.

Jumamosi iliyofuata kilima kilisimama, nikaenda. Nilifuatana na Danieli, Mmakua, mwanafunzi mwenzangu na mtani wangu, aliyeamini kwamba Waunguja huzaliwa na viatu miguuni. Tulipanda kwa mikono na magoti. Juu palikuwa na upepo na mashimo ya maji ya mvua yenye vyura. Kutoka pale Danieli alinionyesha uwanda wa juu wa Wamakonde upande wa mashariki, umenyooka kama ukingo wa ukuta, akasema Newala iko huko, na boma la Mdachi. Wafungwa hatukuwaona. Tuliona mashamba mengi yaliyoota magugu, na vijiji vyenye moshi wa nyumba mbili tatu tu.

Ndanda tulikwenda wakati wa mapumziko marefu zaidi, tukalala njiani. Ni mahali penye maji mazuri, yanayoshuka kutoka mlimani hata wakati wa kiangazi, na wamisionari wa Kidachi walikuwa wanaanza kujenga. Barabarani tulikuta kundi la wafungwa wakipasua mawe, mnyororo mmoja kutoka shingo hadi shingo. Askari aliyewalinda alikuwa amelala kivulini. Nilipita karibu nikaita, "Salum! Salum wa Masasi!" Hakuna aliyeinua kichwa. Mzee mmoja wa mwisho katika mnyororo alinong'ona bila kuacha kugonga jiwe:

"Nenda zako, kijana. Waliopigana hawakuja na majina yao huku. Ukimwita mtu jina lake, unamwitia kamba."

Hapo ndipo nilipoelewa. Majina ya waliogawa dawa ya maji na walioongoza vijana yalikuwa yanatafutwa, na waliopatikana walinyongwa. Mwenye akili alijitajia jina lolote lililomjia mdomoni. Nilirudi Masasi nikamweleza Mama Salum kwamba kazi imekwisha: sura yake siijui, na jina lake halifai kitu.

Alitazama kwanza kama kuna anayesikia. Kisha akasema, "Analo jingine."

Lazima niwaeleze ninyi wa pwani. Kule mtoto hupewa jina la utotoni, na akiingia jandoni hupewa jina jipya. La zamani linazikwa. Kumwita mwanamume jina la utotoni ni kumwambia hakutahiriwa, ni sawa na kumvua nguo sokoni. Watu wamepigana mapanga kwa sababu hiyo. Hata mama mzazi halitaji.

Mama Salum alikuja karibu, akaniambia jina lile sikioni. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Tangu alipotoka jandoni sijalitamka," alisema. "Liite. Asiye mwenyewe atacheka. Mwenyewe hatacheka."

Nilimpa Danieli kazi hiyo, kwa kuwa yeye alikijua Kiyao. Akaruka nyuma. "Mimi? Mtu mzima niliyefundwa jandoni? Nikilitamka hilo nikajulikana, sitaoa nchi hii! Wewe liseme. Mwunguja atasamehewa, hajui kitu."

Basi tukaomba ruhusa ya Newala. Unga ulisimama. Tuliondoka Masasi alfajiri, tukalala Chidya kwenye mashamba ya jamaa zake Danieli, waliotupa muhogo wa kuchoma na kutucheka kwa kwenda mahali pasipo na maji. Kutoka pale njia inapanda. Ukifika juu huoni tena bonde wala mto, ni vichaka vilivyosongamana na udongo mwekundu wa mchanga, na hewa ya baridi kuliko nilivyotazamia. Ukisimama ukingoni mwa Newala unaona chini nchi nzima mpaka Ruvuma na ng'ambo yake, kwa Mreno. Nimeona mengi, lakini sijaona mahali pengine ambapo macho yanakwenda mbali hivyo.

Jioni ya siku ya pili tulipokelewa na bibi mmoja wa Kimakonde, mwenye ndonya kubwa ya mti katika mdomo wa juu na sauti ya chini.

"Shikamoo, bibi," tulisema.

"Marahaba, wajukuu. Ketini."

Akaleta maji katika kata, nusu yake. Nilinyoosha mikono ninawe. Danieli alinikanyaga mguu.

"Yanywe," alisema bibi. "Maji haya yametoka bondeni kichwani mwangu. Kuna watu hula bila kunawa, lakini hakuna anayeishi bila kunywa."

Nilikunywa. Tulipomwuliza habari za wafungwa alinyoosha mkono kuelekea giza. "Wa boma? Huteka maji kila asubuhi. Kaeni kwenye mteremko mtawakuta wakipanda."

Asubuhi tulishuka mpaka katikati ya mteremko, mahali ambapo njia ni nyembamba na mtu hana budi kusimama kando. Wakaja. Walikuwa kama kumi, mnyororo shingoni, kila mmoja na debe au kibuyu kichwani, na nyuma yao askari mgeni wa nchi hiyo, ana kiboko. Tulipanga hivi: Danieli atangulie kupanda, nami nimwite kwa jina lile, kana kwamba ni lake. Danieli alisema uso wake hautapona mpaka kufa, lakini alitangulia.

Nikaliita. Niliita kwa sauti, mara moja, "Fulani, ningoje!" na mahali pa fulani niliweka jina lile ambalo hapa siliandiki.

Wafungwa wa mbele wakaanza kucheka. Hata katika mnyororo walicheka, kwa kusikia mtu mwenye ndevu akiitwa hivyo, na Danieli akainamisha kichwa kwa haya ya kweli. Mmoja hakucheka. Alisimama ghafla hata mnyororo ukakaza na wenzake wakayumba, na debe lake likamwagika lote. Alikuwa mrefu, mweusi, hana kovu. Alinitazama kwa hasira ambayo sijawahi kutazamwa nayo tena, akasema maneno machache kwa Kiyao. Kisha kiboko kikamshukia mgongoni, kwa sababu ya maji.

Alipigwa mara nyingi. Mimi nilisimama na viatu vyangu. Niliona aibu, na uchungu wa kutoweza kusema, "Acha, ni kosa langu," maana neno hilo lingemwua. Mnyororo ukageuzwa kurudi bondeni kuteka tena. Alipokuwa anapita karibu nami hakunitazama, lakini alipunguza mwendo, na nikamsikia akihema.

Njiani Danieli hakutaka kunitania. Nilimwuliza yule mtu alisema nini. Akajibu, "Amesema, 'Huyu hakufundwa.'" Kule hakuna tusi kubwa zaidi kwa mwanamume.

Masasi tulifika siku ya pili jua linatua. Mama Salum alikuwa uani na kaka yake, na mke wa Salum alikuwa akitwanga. Nilitaka kuanza na safari yenyewe, bonde na Ruvuma, kama mtu anavyofanya akiwa hana habari nzuri. Maana nilihesabu kwamba nimemletea mama habari ya mtoto kupigwa kwa ajili yangu. Hakunipa nafasi.

"Walicheka?"

"Walicheka."

"Wote?"

"Mmoja hakucheka. Alisimama hata mnyororo ukakaza. Alimwaga maji, mama, akapigwa. Na mimi alinitukana."

"Alikutukana vipi?"

Nilimwangalia kaka mtu, nikaona haya kulisema mbele yake. Lakini nililisema. "Alisema sikufundwa."

Mchi ukanyamaza. Mama Salum aliweka kiganja mdomoni, na nyuma ya kiganja kile akacheka, kicheko cha kwanza nilichokisikia katika nyumba ile, kisha kikageuka kilio, kisha kikawa vyote viwili. "Bado ana ukali," alisema. "Hawajaumaliza. Bado ana ukali!" Mke wa Salum alikaa chini pale pale kwenye pumba.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini mjomba naye alikuwa ameshika kingo za mkeka kwa mikono miwili. Mwishowe aliinuka, akapanda darini, akateremka na lile kapu la mtama wa matanga, akaliweka mbele ya mke wa Salum.

"Twanga," alisema.

Nilikaa Masasi mpaka mafunzo yangu yalipokwisha, na Salum nilimwacha bado Newala, katika mnyororo. Wenye kupita walileta habari kwamba anapumua na anagombana na kila mtu. Nilizunguka tena majabali yale na vijiji vile, lakini safari ninayoikumbuka zaidi ni ile ambayo sikuifanya. Ilikuwa Jumamosi iliyofuata baada ya kutoka Newala. Nilikuwa nimepanga kwenda Lupaso. Usiku Mama Salum alichota unga, safari hii unga wa mtama ule wa matanga, na nilipoamka nikaona mlangoni vyungu viwili badala ya kimoja. Sikuuliza cha pili ni cha msafiri gani.

Alifunua cha kwanza, changu, nikatazama kilima. Kilikuwa kimeporomoka.

Alifunua cha pili. Kilikuwa kimesimama, ncha yake nzima.

Nilivua viatu, nikachukua jembe, nikamfuata shambani.